Watu Arobaini na Mmoja Wasioshtuka

Taa iliwaka njano, na ukumbi mzima wa Mahakama ya Wilaya ya Namatuli ukaguna, mguno ule wa watu waliomwona mwenzao kajikwaa mahali peupe.

Skolastika Ngonyani alibaki amesimama kizimbani, mkono wa kulia umefungwa mkanda mweusi wa mpira. Macho yake hayakwenda kwa hakimu wala kwa wakili. Yalikwenda kwa Mzee Kastori Haule, mpiga kengele wa parokia, aliyekaa kwenye benchi la mshtakiwa na kofia yake magotini. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama kumwambia: si kitu, mwanangu. Si kitu! Mtu ana miaka sabini na mmoja, anasubiri kufungwa miaka thelathini, halafu anasema si kitu.

"Rudia," hakimu alimwambia karani. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno, mwenye mafua yasiyokwisha.

Karani akasoma upya, Skola akafuatisha neno kwa neno. "Mimi, Skolastika Ngonyani, nathibitisha kwa dhati kwamba ushahidi nitakaoutoa utakuwa wa kweli, na kweli tupu."

Njano tena.

Mashine yenyewe watu wa Namatuli waliiita Bibi Taa, kwa sababu ilikaa kwenye meza ya karani kama bibi mmbea, imetulia tuli, inasikiliza ya watu. Ni sanduku dogo tu, na taa tatu kichwani. Kijani, umesema unachokiamini. Nyekundu, umedanganya. Njano, sikukusoma. Na kazi yote ilianzia kwenye kiapo. Mtu akishika Biblia au Msahafu, akatamka jina la Mungu, mwili wake hushtuka kidogo: vidole vinapoa, moyo unaruka pigo moja, na mwenyewe hana habari. Mshtuko huo ndio Bibi Taa alioufanya msingi, akawa analipima kila neno linalofuata kwa huo, kama fundi anavyopima ukuta kwa tofali la kwanza. Asiyeshtuka hana msingi. Na asiye na msingi, kwa Sheria ya Kiapo Hai, ushahidi wake husikilizwa kwa adabu lakini hauhesabiwi.

Sheria yenyewe ilipita bungeni kwa vigelegele. Maaskofu waliipongeza, masheikh waliipongeza, na manabii wa mahema wakaifanyia ibada ya shukrani siku tatu. Wote hao kuafikiana jambo moja, jamani, lini mara ya mwisho? Haki ya kuthibitisha bila kitabu iliachwa humo humo kwenye sheria, ili wageni wasije wakasema nchi hii inaonea watu. Ilikuwa haki nzuri sana, isipokuwa mtu akiitumia taa inawaka njano.

"Shahidi," alisema hakimu, akijifuta pua, "mahakama haikulazimishi kitu. Lakini unaona mwenyewe. Tunarudi saa nane. Nenda ukafikiri."

*

Askari aliyemlinda mzee alikuwa amebatizwa siku ambayo kengele ilipigwa na mzee huyo huyo, kwa hiyo aliwaachia kibaraza cha nyuma ya mahakama, akasogea pembeni na sahani yake ya ugali.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema Mzee Kastori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na milele, amina. Najijibu mwenyewe, kama kawaida yangu."

Huo ulikuwa utani wao wa miaka saba. Mzee Kastori alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Skola, na katika mji mzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba binti wa Mzee Ngonyani, aliyesomeshwa na masista, hakuwa akiamini kitu. Hakumsema kwa padri, wala hakumsema kwa mkewe. Alichofanya ni kwenda kwake kila Jumanne alasiri kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Makubaliano yao: mzee akimfunga mara tatu mfululizo, Skola ataingia misa ya kwanza, akae benchi la mbele. Mwaka wa saba huo, mzee hakuwahi kufika mara tatu.

Jumanne ya tukio alikuwa amefika mbili. Mchezo wa tatu ulikuwa umemwendea vizuri, ana kingi wawili, anajipigia makofi ya magoti, ndipo wakasikia kelele kutoka bondeni: Hema la Ushindi linaungua. Hema lile lilikuwa jirani wa kanisa, na vipaza sauti vyake vilimeza kengele ya saa sita kila siku ya Mungu. Mzee Kastori, kwa hasira zake, aliwahi kusema mbele ya duka kwamba hema lile litashushwa na Mungu mwenyewe. Maneno hayo watu waliyaokota wakayaweka.

"Mashahidi wao wawili wamewashiwa kijani," alisema wakili Mwanahawa Nandonde, akila karanga haraka haraka, kwa maana hakuwa amekunywa hata chai. "Wamemwona mzee wa koti la kaki akizunguka nyuma ya hema saa kumi. Tatizo ni kwamba hawadanganyi. Wanaamini kabisa walikuona, mzee wangu."

"Makoti ya kaki Namatuli nzima!" alisema mzee.

"Taa haipimi kilichotokea. Inapima anachoamini msemaji."

"Najua inapima nini," alisema Skola.

Wakamtazama. Hapo ndipo alipolitoa, lile jambo alilolikalia miaka minane. Kabla hajarudi Namatuli alifanya kazi mjini, kwenye ofisi iliyoitengeneza mashine ile. Bibi Taa alifundishwa kwa watu elfu kumi walioapishwa na kupimwa, na kazi ya Skola ilikuwa kusafisha vipimo: mkanda uliolegea, mtu aliyekohoa, mtu mwenye homa, futa. Katikati ya hao elfu kumi akakuta watu arobaini na mmoja ambao hawakuwa na kasoro yoyote. Mikanda yao ilikaa sawasawa. Walithibitisha bila kitabu, na hawakushtuka. Mkuu wake alimwambia, vinavyochafua, toa.

"Niliwajua," alisema Skola. "Sikuwajua kwa majina. Niliwajua tu. Ningeandika ripoti ya ukurasa mmoja: hawa ni watu, mashine ijifunze kuwasoma hivyo hivyo walivyo, kwa kusikia sauti zao za kawaida. Inawezekana kabisa, ni kazi ya wiki mbili. Lakini nikasema nikiandika wataniuliza, wewe kwa nini unawaonea huruma hawa? Una nini nao? Nikawafuta. Wote."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia hivyo pale kibarazani. Hata wakili aliacha kutafuna.

"Basi niseme hayo mahakamani," alisema Skola. "Nieleze kwamba kosa ni la mashine, na la kwangu."

"Utayasema wapi, dada yangu?"

"Pale pale kizimbani."

"Kwa taa ipi?"

Skola angesema kwa njano. Yote angeyasema kwa njano, na yasingehesabiwa.

Wakili alikung'uta maganda ya karanga mapajani. "Nitakata rufaa, nitaomba wataalamu, nitaandika mpaka vidole viote sugu. Hiyo ni miaka miwili, mitatu. Leo iko njia moja. Shika Biblia, uape. Mimi ni Mwislamu, Biblia si yangu, lakini nakwambia shika. Kwa hali uliyonayo utatetemeka mpaka viatu."

Hilo Skola alilijua kuliko wote. Mashine haikujua mtu anaogopa nini. Ilijua tu kwamba anaogopa. Na yeye tangu asubuhi alimwogopea mzee yule, akimtazama tu shingo ilivyokonda baada ya miezi miwili ya mahabusu. Hofu alikuwa nayo ya kutosha kugawa.

"Hapana," alisema Mzee Kastori.

"Mzee..."

"Nilikukataza juzi, nakukataza leo. Kitabu kile nimekibeba kwenye maandamano miaka arobaini na minne. Nanawa mikono kwanza, ndipo nakishika. Usiniwekee juu yake mkono usioamini, ukamtaja Mungu kwa uongo, eti kwa ajili yangu. Afadhali nifungwe."

"Utafia ndani!"

"Kwani nje watu hawafi?"

Skola alisimama. Hasira zilimpanda ghafla, na machozi nayo yakaja bila kualikwa. "Mungu wako yuko kwenye fomu ya maji. Yuko kwenye kitambulisho, yuko kwenye mkutano wa mtaa, yuko kwenye sherehe ya kufungua choo cha soko. Kila mlango ninaougonga namkuta kakaa kizingitini, ananiuliza jina la dini yangu. Sijawahi kumdai chochote. Nimeandika Mkatoliki kila walipotaka niandike. Leo naomba kupita mara moja tu, nikutoe wewe, na wewe mwenyewe unanifungia!"

Askari aliinua kichwa, kisha akakirudisha kwenye ugali.

Mzee Kastori aliizungusha kofia yake. "Huyo wa kwenye sanduku la karani mimi simfahamu, mwanangu," alisema mwishoni. "Sijui walimtoa wapi. Wangu hahitaji mkanda."

Ikawa saa sita. Kengele ya kanisa ikaanza kulia kule juu mnarani, na mzee akakunja uso kama aliyeumwa jino. "Sikia! Sikia huyo waliyemweka. Anavuta kamba kama anachota maji." Kisha akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusali kwa sauti ya chini, na Skola na wakili wakamngojea amalize. Hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumngojea.

*

"Kooorti!"

Watu wakasimama, wakakaa. Walikuwa wameongezeka. Waumini wa Hema la Ushindi walijaza upande wa kulia na fulana zao nyeupe. Upande wa kushoto walikaa wanakwaya wachache wa parokia, wametengana tengana.

Skola alipanda kizimbani. Karani akamfunga mkanda, akamuuliza kwa kunong'ona kama ni lile lile la asubuhi.

"Nipe Biblia," alisema Skola.

Hakumtazama Mzee Kastori. Alijua akimtazama atashindwa. Aliinua mkono mmoja, wa pili akauweka juu ya jalada, jalada la plastiki lililochubuka pembeni kwa viganja vya watu, na vidole vyake vikawa baridi kabla hajatamka neno. "Naapa mbele ya Mwenyezi Mungu..." Akalisikia benchi la mshtakiwa likilia, mtu akijisogeza, akijigeuza. Moyo ukamruka.

Kijani.

Hema la Ushindi likaguna, wanakwaya wakapumua. Na Bibi Taa, baada ya kupata msingi wake, akakaa tayari.

Wakili Mwanahawa hakupoteza muda. Siku ya tukio, saa kumi alasiri, mshtakiwa alikuwa wapi? Nyumbani kwangu. Kijani. Alifika saa ngapi? Saa nane na nusu, akalalamikia kilima. Kijani. Aliondoka? Hakuondoka mpaka tuliposikia kelele. Alikuwa amenifunga mara mbili mfululizo, alikuwa anataka kunifunga ya tatu, asingeondoka hata angeitwa na askofu. Watu wengine walicheka. Kijani. Ubao uko wapi? Uko vilevile mezani, vizibo sijavigusa hata kimoja tangu siku ile. Kijani, kijani, kijani. Katika miaka yote ya Bibi Taa pale Namatuli hapakuwa na shahidi aliyesomeka safi namna ile. Hakimu aliandika, akajifuta pua, akaandika tena. Kwa dakika kumi hivi Skola aliruhusu moyo wake kufikiri kwamba kesho yake Jumanne watamaliza ule mchezo.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka.

Sanga hakuwa mtu mbaya, nami sitamsingizia. Alikuwa mtu wa kazi yake. Alifunga kifungo cha koti, akafungua jalada, akalifunga bila kusoma.

"Shahidi, asubuhi ulikataa kitabu. Mchana umekishika. Nina swali moja tu. Unaamini kile ulichoapia?"

"Napinga!" Wakili alikuwa keshasimama. "Mheshimiwa, imani ya mtu ni mambo yake binafsi. Katiba iko wazi."

"Mheshimiwa, siulizi dini yake," alisema Sanga kwa upole. "Nauliza msingi wa kiapo. Kanuni ya tisa inaniruhusu."

Hakimu alifungua kanuni, akaisoma muda mrefu, na Skola akaona kwamba alikuwa anatafuta pa kutokea asipate. "Inamruhusu," alisema. "Shahidi, jibu."

Skola aliitazama mashine. Aliijua ndani na nje, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameipa msingi mzuri wa kumsoma. Akisema naamini, itawaka nyekundu, na yote aliyosema tangu saa nane yatakwenda na maji, na yeye atafunguliwa kesi ya kiapo cha uongo. Akinyamaza, njano, atakuwa amekataa kujibu. Akisema siamini, ndiyo hivyo, kiapo hakipo. Taa zilikuwa tatu tu. Kichwani mwake alizunguka zote tatu, akazunguka tena, kama kuku aliyefungiwa.

Akamtazama mzee, kwa mara ya kwanza tangu warudi. Mzee Kastori alikuwa ameufunika uso kwa kofia.

"Siamini," alisema Skola. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Siamini, Mheshimiwa. Tangu nina miaka kumi na tisa siamini. Nimekishika kitabu kwa sababu vinginevyo msingenisikia. Lakini mzee yule alikuwa nyumbani kwangu. Alikuwa nyumbani kwangu!"

Kijani. Iliwaka kijani cha kung'aa, haikupepesa hata kidogo.

Wenye fulana nyeupe walipiga kelele za kila namna. Mama mmoja alisikika akimkemea shetani. Kwa wanakwaya, mwanamke aliyesoma na Skola darasa moja alisogea kwenye benchi, mbali na kizimba, akaacha nafasi tupu. Skola alielewa kwamba kuanzia jioni ile hapatakuwa na wa kumuazima hata jembe, na alishangaa jinsi jambo hilo, alilolikimbia maisha yake yote, lilivyokuwa dogo.

"Mahakama inapokea jibu hilo kuwa la kweli," alisema hakimu. "Kwa kuwa ni la kweli, kiapo chake hakikuwa kiapo. Ushahidi wake wote unaondolewa kwenye kumbukumbu."

"Mheshimiwa!" Wakili alikuwa karibu kulia, na hakujali. "Mashine hiyo hiyo imesema mshtakiwa alikuwa nyumbani kwake! Tumeiona sote!"

"Wakili msomi, nimeiona." Hakimu alivua miwani. "Sheria sikuitunga mimi. Una shahidi mwingine?"

Hakuwa naye. Tangu aje Bibi Taa hukumu hazikuwa zikilala. Hakimu aliandika nusu saa, watu wakijipepea kwa magazeti, kisha akasoma. Mashahidi wawili, kijani. Utetezi, hakuna. Kuchoma nyumba ya ibada, miaka thelathini. Aliyasoma yote bila kuinua macho, na alipomaliza alitoka haraka kwa mlango wa nyuma, leso mkononi.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia Skola ashuke. Karani alikuwa anapanga karatasi. Mkanda ulikuwa bado mkononi mwake, na Bibi Taa bado yuko macho.

Askari akamwinua Mzee Kastori kwa kumshika kiwiko, kwa heshima. Njia ya kutokea ilipita mbele ya kizimba. Skola alitaka kumwambia nisamehe, nimekishika kitabu chako bure, sikukuokoa na nimekuudhi. Mzee akasimama mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama muda, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema.

Watu wa karibu waligeuka kusikiliza. Miaka saba mzee yule alikuwa amejijibu mwenyewe, na huko anakokwenda hapakuwa na Jumanne. Hakuwa na kingine cha kumpa.

"Milele," alisema, "amina."

Taa ikawaka nyekundu.

Iliwaka pale mezani mbele ya wote, na mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee Kastori aliigeukia, akaitazama kidogo, kisha akamrudia Skola, na uso wake uliochoka ukalegea.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Askari akamgusa bega, wakaondoka.